Kovu la Ngiri

Hiltje alimkabidhi Bauke koti lake, akamwambia alitundike vizuri, kisha akamnong'oneza daktari kwamba dereva huyu ni mpole ila hacheki.

Dereva huyo alikuwa mtoto wake wa pekee.

Bauke alilitundika koti. Alikwisha kuzoea. Mwaka huo mama yake alimwona mara dereva, mara daktari wa ng'ombe, na siku moja alimwona fundi wa bomba aliyechelewa. Asubuhi hiyo Bauke alikuwa amemchukua kwenye nyumba ya wazee huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, wakaja mji wa Groningen kwa gari, mwendo wa saa nzima. Kusema kweli hakumleta kwa mapenzi. Alimleta ili akiri.

Daktari Mirthe Overdiep, mpasuaji, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Bauke alikuwa amesubiri miaka minne kumfikia, na mwezi uliopita daktari alikuwa amempima na kumpiga picha za ndani ya mwili. Sasa alimweleza palipo na njia. Kifua kingeweza kusawazishwa kiwe cha kiume hata mwezi ujao. Ile kazi kubwa ya huku chini ilitegemea jambo moja: je, alipokuwa mchanga kuna kitu kilikatwa, au alizaliwa hivyo hivyo? Kwa kumtazama tu, daktari hakuweza kuapa. Hospitali alikozaliwa ilishaharibu kumbukumbu zake zamani, kama inavyofanya kwa kila mtu miaka ikipita.

"Walikata," alisema Bauke. "Mwaka themanini na tatu. Walizaa mtoto wasiyemwelewa, wakamkata, wakamwita Baukje, jina la kike, wakamvika utepe."

"Kovu ninaloliona liko kinenani," alisema daktari. "Ngiri hushonwa hapo hapo."

"Na uongo hufichwa hapo hapo."

"Lakini picha inaonyesha tezi mbili chini ya kovu hilo, na si za kike. Aliyepasua pale alizishika kwa vidole vyake, akaziacha."

"Basi alichoka, akaacha kazi nusu."

Daktari alimgeukia Hiltje, ambaye alikuwa amepewa kahawa na biskuti moja, na alikuwa akiila kwa adabu, pembe baada ya pembe. Alimuuliza taratibu kama mtoto wake aliwahi kupasuliwa.

"Ngiri," alisema Hiltje.

"Umemsikia?" alisema Bauke. "Akili yote imemtoka, uongo umebaki."

Daktari alitazama chini. Bauke naye aliona haya, lakini hakulirudisha neno lake. Miaka saba alikuwa amelibeba. Alilianza siku alipotimiza thelathini na tano, nyumbani kwa mama yake, viti vimepangwa duara kama ilivyo ada, kila mtu na kipande chake cha keki magotini. Wageni walizunguka duara lote wakipeana mikono. Walimpongeza yeye, halafu wakampongeza mama yake: hongera kwa binti yako, Hiltje, hongera kwa binti yako. Mkono wa tisa au wa kumi ulipopita, Bauke alisimama.

"Mimi si binti wa mtu," alisema. "Mimi ni mwanamume."

Vijiko vilitulia. Hiltje aliweka sahani chini, akaja katikati ya duara, akamnyooshea mkono, akasema, "Hongera."

Bauke aliuona mkono ule wa adabu, mkono ule ule uliokuwa umezunguka chumbani mchana kutwa, akajua anadhihakiwa mbele ya watu. Ndipo alipomwambia kwamba yeye na mumewe walimkata akiwa mchanga, na kwamba hataki kumwona tena. Hiltje alirudisha mkono, akaketi. Shangazi mmoja aliuliza kama kuna anayetaka kahawa zaidi.

Hawakusemezana mpaka nyumba ya wazee ilipompigia simu Bauke, wakamwambia mama yako hajui tena anaishi wapi. Baba alikuwa amefariki kitambo. Hakukuwa na mwingine wa kupigiwa.

Tangu hapo Bauke alimtembelea kila Jumapili, na kila Jumapili alimuuliza swali lile lile, kwa upole, kwa ukali, na mara moja kwa machozi. Alitaka neno moja tu. Angelisikia, aliamini, angemsamehe na wote wawili wakapumua. Jibu lilikuwa ngiri.

"Basi tuanze na kifua," alisema daktari. "Hilo halihitaji historia ya mtu. Hayo mengine tutayachunguza pole pole."

Alitoa fomu ya ridhaa, akaisogeza mezani, akaweka kalamu juu yake. Bauke aliivuta. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, asiweze kuvitenganisha.

Hiltje aliiona karatasi. Aliiona kalamu, akaliona na lile koti jeupe la daktari. Biskuti ilimwanguka. Alisimama wima, akakibandika kiganja cha mkono wake juu ya mstari wa saini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke wa miaka ishirini na sita, umri wake wa mwaka ule wa themanini na tatu.

"Nimeshasema mara tatu, Profesa. Mume wangu ametia saini, hiyo ni yake. Mimi sitii. Ngiri mmeishona, ahsanteni, sasa kisu wekeni chini. Mwacheni mtoto wangu kama alivyokuja. Akikua atatuambia mwenyewe yeye ni nani, na mimi nitakuwa wa kwanza kumpa hongera."