Lala Wewe Kwanza

"Nimesema silali hivyo!" Bi Mwanakheri alifoka, akaukunja mguu aliokuwa ameambiwa aunyooshe. "Mikono ubavuni, miguu sambamba, macho nifumbe. Unanifundisha kupumzika au unaniandalia sanda?"

Nesi Elipina alishusha pumzi. "Ni zoezi tu, mama. Tangu utolewe titi hulali, na mabega yako yamekakamaa. Unalegeza mwili, unavuta pumzi hadi tumboni, basi."

"Miaka ishirini naosha maiti za wanawake mji huu. Nawalaza hivyo hivyo. Sema kweli: saratani imebaki, sivyo?"

"Imetolewa yote. Daktari alieleza."

"Alimweleza mwanangu, huko nje. Mimi nikaambiwa nipumue." Akashuka kitandani, akaupigapiga mto. "Haya, lala wewe kwanza."

Nesi alitupia jicho mlango wa wodi, akavua viatu, akalala.

Bi Mwanakheri alimnyoosha miguu, akamfumba macho kwa vidole viwili, kama alivyozoea. Kisha akaweka kiganja tumboni mwa nesi, akangoja. Tumbo likapanda, likashuka. Likapanda tena, taratibu, na mikunjo ya uso wa nesi ikalegea.

"Sogea huko," Bi Mwanakheri alimwambia.

Akajilaza pembeni yake, akanyoosha mguu mmoja, halafu wa pili. Mkono mmoja aliuacha juu ya tumbo la nesi, mwingine akauweka juu ya lake mwenyewe. Akafumba jicho la kulia. La kushoto likabaki wazi, likimtazama nesi.