Furaha ya Mugi

Mugi aliketi chini ya mwaloni, akabweka mara moja. Amepata tena.

"Kinyesi cha tatu wiki hii," alisema Mzee Tabata, msimamizi wa kikosi. Alikizoa kwa kijiko akakitia kwenye kimfuko bila kukitazama. Nagisa, mwenye mbwa, naye alitazama pembeni.

Kazi ya Mugi ilikuwa kunusa kinyesi cha nguchiro. Watu wa kisiwa cha Amami waliwaleta nguchiro zamani ili wawamalize nyoka. Nguchiro wakaona kuwinda nyoka ni taabu, wakala sungura weusi wa msituni. Basi nguchiro walitegwa miaka mingi hadi wakaisha. Jumatatu kisiwa kingetangazwa safi na mitego ing'olewe. Ripoti ya kinyesi ikifika ofisini, hakuna tangazo.

Kambini, Nagisa alimimina chai.

"Mzee, usinikatize. Kile cha Jumanne nilikiweka mimi. Nilikitoa kwenye friza, vile vikavu kama vijiti tulivyobakiza vya mazoezi."

"Nilijua. Wewe huwezi kumdanganya hata paka."

"Mbwa alikuwa hali chakula! Mwaka mzima ananusa, hapati kitu, hasifiwi. Hata mume wangu hanuni vile."

Tabata alikohoa. Masikio yalimwiva.

"Cha jana ni changu."

"Mzee Tabata!"

"Nilimwona alivyochangamka Jumanne. Nikamwongezea. Kwani mimi jiwe?"

"Na asubuhi ile ile ukatuhubiria nidhamu, mavi yamo mfukoni!"

"Tena mfuko wa koti la sherehe. Mke wangu ameshaniuliza ile harufu ni ya nini."

Nagisa alicheka hadi chai ikamwagika. Tabata aliichana fomu ya ripoti vipande viwili, akajinyoosha kama aliyetua mzigo. Jumatatu ingekuwa Jumatatu njema.

"Lakini cha leo umekificha vizuri," alisema Nagisa akijifuta macho. "Kule juu mlimani kote! Na magoti yako hayo?"

"Magoti yangu yameingiaje? Si umekiweka wewe?"

"Mimi? Acha utani, Mzee."

"Sitanii."

Chini ya meza, Mugi alitikisa mkia.

Nagisa alikivuta kimfuko, akakibonyeza kwa kidole. Kilikuwa laini, kimejaa manyoya meusi.