Mtoto Aliyegomea Chupa

Fundi cherehani alikuwa amekaa sebuleni, amevaa gauni la mke wake. Zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo, mabega yamebanwa, na kifuani alikuwa amempakata mtoto wa miezi mitatu anayelia kama anachinjwa.

"Harufu ya mama hiyo hapo, mwanangu," alibembeleza, akimsogezea chupa. "Nusa. Leo mama ni mimi. Nyonya basi."

Mtoto alinyonya mara mbili kwa uroho, akakunja uso, akatoa ulimi nje, akaangua kilio upya.

"Ana miezi mitatu, lakini mjinga si yeye," alisema Bibi, mama mzazi wa fundi, akiwa amejinyoosha kwenye kochi. "Mama gani ana ndevu?"

Hali ilikuwa mbaya. Likizo ya uzazi ya mke wake ilikuwa ukingoni. Jumatatu anarudi ghalani kuendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo. Fundi, ambaye cherehani yake iko palepale sebuleni, alikuwa amejigamba mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto atabaki naye. Hataki yaya, hataki shangazi wa mtu. Sasa ni Ijumaa, na mtoto hajawahi kumaliza hata chupa moja mikononi mwake. Bibi alishatamka: Jumapili ikifika bado anagoma, mjukuu anaondoka naye, akalelewe na watu wanaojua kulea. Fundi hakutaka hata kulifikiria hilo. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi, hata alipokuwa anamtapikia.

Sheria ya kulisha ilitungwa na Bibi: mama asiwepo nyumbani. "Akimnusa tu, chupa haitaki." Na mke wa fundi, ambaye hubishana na mama mkwe wake hata juu ya namna ya kumenya kitunguu, kwa hili alikubali bila neno. Kila mlo alitayarisha chupa mwenyewe, akaipasha, akaifunika, akamkabidhi mumewe, kisha akaenda kusubiri kwa jirani yao msusi, aliyekuwa na mimba ya miezi ya mwisho. Akirudi kumpa mtoto ziwa, macho yake yalikuwa yamevimba, na uso umekunjamana. Fundi alijua kilio kilikuwa kinapita huko. Mwanamke anayenyanyua makreti mpaka darini, leo anashindwa na kichupa!

Basi akajaribu yote. Akambeba wima, akamlaza ubavu. Akafunga mapazia. Akampigapiga mgongo hadi akacheua. Akafungua chupa, akadondoshea maziwa kwenye kifundo cha mkono, akalamba. Yalikuwa na uvuguvugu mzuri, na hayakuwa na kosa. Akaimba wimbo pekee anaoujua, wa timu yake iliyoshuka daraja. Mtoto akalia zaidi, na alikuwa na haki.

"Mlete kwa bibi yake," alisema Bibi, akinyoosha mikono.

"Bado, Mama."

"Bado nini? Mwanamume na kulea wapi na wapi?"

Mtoto akarusha teke. Chupa ikaruka, ikapiga ukuta, ikabiringika mpaka chini ya cherehani, chuchu ikajaa vumbi na nyuzi.

"Goli!" alisema Bibi.

Fundi aliiokota. Alikwenda nayo jikoni, gauni likimkata kwapani, akaiosha chuchu ile, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mtoto bado anampigia kelele sikioni. Hakuwa na hila nyingine. Akiwa anasubiri ichemke, alirudi akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akamlaza mtoto kifuani, na kwa kuwa miguu yake haijui kukaa bure, akaanza kukanyaga pedali bila uzi wala kitambaa.

Cherehani ikanguruma polepole. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kwikwi nazo zikaisha.

Bibi aliinuka kwenye kochi. Bila kuambiwa, akaenda jikoni, akaifunga chupa kwa ile chuchu iliyochemshwa, akaileta. Fundi akaiinamisha kidogo ili maziwa yasije kwa kasi, akaigusisha mdomoni mwa mtoto. Mtoto akanyonya. Akapumzika, fundi naye akamsubiri. Akanyonya tena. Aliendelea hivyo, macho yakimtazama baba yake kwa makini, mpaka chupa ikabaki na povu tupu.

"Kumbe dawa yake ni cherehani," alinong'ona Bibi.

"Mama, usimchukue," alisema fundi. Alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondokea maua ya gauni.

"Nimpeleke wapi? Kwangu kuna cherehani?"

Fundi akampigia mkewe simu.

Kwa msusi, simu iliita mpaka ikakaribia kukatika ndipo ikapokelewa. Mke wa fundi alisikiliza hadithi yote, ya teke na ya pedali. Akapiga kigelegele. Akamwita mumewe shujaa, akasema anakuja mbio. Kisha akakata simu, akabaki amekaa ukingoni mwa kitanda cha msusi, mistari ya mto ingali shavuni, huzuni ya kweli imemshika.

"Jumapili ningeacha mwenyewe," alinung'unika. "Siku mbili tu zilibaki."

Akafungua mkoba, akatoa nusu ya limau iliyofungwa kwenye karatasi laini, akaiweka kiganjani mwa msusi.

"Ukijifungua, sugua kidogo tu kwenye chuchu ya chupa kabla ya kumkabidhi baba yake," alisema. "Utalala, dada, mpaka ukorome."