Bangili ya Uvumilivu

Katika chuo kikuu kimoja ughaibuni, wahadhiri wanaume weusi peke yao ndio waliovishwa bangili ya kupima uvumilivu. Aliyeumia bila kulalamika ndiye aliyepandishwa cheo. Siku ya tatu baada ya kumzika mkewe Atupele, mhadhiri Mwakalinga alipigiwa simu na mkuu wa idara.

"Hongera, Daktari! Msiba mzima hukutoa chozi. Bado siku nne tu, uprofesa ni wako."

Binti yake, Tusekile, aliyeyasikia hayo mezani, akaacha kula. "Baba, kumbe kifo cha mama ni mtihani wao?"

Mwakalinga akaikata bangili kwa kisu cha jikoni, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Simu ikaita tena.

"Tumekufukuza kazi," alisema mkuu, ambaye hajawahi kuvaa bangili hiyo maishani mwake. "Pole sana. Ukilivumilia na hili bila kelele, mwakani tutakuruhusu kuomba upya."