Mboni Moja Imepanuka

"Mutu amepigwa kichwa, mboni moja ya jicho imepanuka," mwenzake wa masomo akamsomea. "Unafanya nini?"

Clémentine alilijua jibu: damu inavuja ndani ya kichwa, shingo isitikiswe, apigwe picha ya skana upesi. Kesho juri ya mtihani wa udaktari ingeuliza hayohayo. Lakini akafunga daftari.

Kaka yake aliangukiwa na jiwe kwenye shimo la dhahabu la Salamabila. Wachimbaji wenzake wakambana kwenye pikipiki kati ya dereva na mjomba, wakamfunga kitenge kama mtoto mgongoni, na kwenye kila shimo la njia kichwa kikagonga mgongo wa dereva. Alifika hospitali ya Kasongo amekufa, bado ameketi.

Dhahabu ya Salamabila hupanda ndege.

"Yaya, dada yangu, sema tu skana, tuendelee," mwenzake akamhimiza.

"Skana iko wapi? Babu zetu walibebeshwa pembe za tembo kwenye njia hii ya Kasongo. Mpaka leo iko ileile!"

"Ukiwaambia juri vile watakuangusha. Miaka yako yote itapotea bure."

Asubuhi mkuu wa juri alisoma swali lilelile, akitabasamu. Desturi ni mtahiniwa kujibu akiwa ameketi. Clémentine akasukuma kiti nyuma, akasimama. "Kaka yangu alifika Kasongo ameketi," akaanza.