Kwanza Gusa Chuma

“Kwanza gusa chuma,” baba alisema. “Mwili wako una umeme usiouona, na madabodi haipendi kushtuliwa.”

Binti akaligusa kasha tupu la kompyuta kwa kiganja kizima. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Nyuma ya maneno ya baba yalisikika magurudumu ya kitanda yakipita, na mtu akikohoa kwa mbali.

“Umegusa? Haya, Kidole, kazi ianze.”

Baba ndiye aliyembandika jina hilo, kwa kuwa tangu utotoni hakuna tundu nyumbani lililosalimika na kidole chake. Sasa matundu yote yalikuwa mbele yake, juu ya gazeti: ile madabodi, ubao wa kijani wenye ukubwa wa trei, umejaa pini na nafasi tupu, kama mtaa ambao wenyewe hawajahamia. Baba alikuwa fundi kompyuta. Alivinunua vifaa vya mashine hii kimoja kimoja, mwezi baada ya mwezi, akaugua kabla ya kuviunganisha. Na chuo kilikuwa na sharti: anayesomea kuchora ramani za majengo aje na mashine yake. Isipowaka, hakuna chuo.

Begi la safari lilisimama kando ya mlango, limefungwa. Mama alikuwa akilipangusa vumbi.

“Prosesa, huo ubongo wa mashine, ina pembe moja yenye alama ya pembetatu,” baba aliendelea. “Itafutie mwenzake kwenye soketi. Ilaze, usiisukume. Ikikataa, ujue aliyekosea ni wewe.”

Akailaza. Ikatulia.

“Sasa ile krimu ya kupozea. Punje moja ya mchele, basi. Usipake kama mtu aliyepewa siagi ya bure.”

Binti alishaanza kucheka kabla siagi haijatajwa. Akaibana tyubu. Ilikuwa imekunjwa kutoka mkiani hadi shingoni, na kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko punje. Akapachika feni juu yake, akachomeka waya wake.

“Kadi ya kumbukumbu. Chini ina pengo, na pengo lenyewe haliko katikati. Angalia vizuri.”

Akaisimamisha kwenye nafasi yake. Ikagoma.

“Umeiweka kinyume.” Baba akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. “Nakujua mimi. Igeuze.”

Akaigeuza. Ta! upande mmoja. Ta! upande wa pili.

“Mzee, pumzika sasa,” sauti ya nesi ilidakia.

“Dakika moja, sista. Niko kazini na binti yangu.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. “Mwanangu, chuo kinakungoja.”

“Namalizia, mama.”

“Na mama yako najua hayuko mbali,” baba alisema. “Mwambie kwa nini huu unaitwa ubao mama. Kila kitu kinamng’ang’ania yeye: umeme, feni, diski, kipanya, waya wa mtandao. Na hakuna hata kimoja kinachosema asante.”

Mama akageukia mlango. Akaanza kupangusa kitasa kisichokuwa na vumbi.

“Umekula leo, baba?” binti aliuliza.

“Chukua ule waya mnene wa umeme,” baba alisema. “Matundu ishirini na manne. Una mdomo mpana, unaingia upande mmoja tu. Bonyeza hadi usikie.”

Akabonyeza hadi akasikia. Akafuatisha waya wa prosesa pale pembeni, kisha wa diski, kisha vile vijiwaya vya swichi ya mbele, vyembamba kama nyuzi za kushonea, vinavyowatoa mafundi machozi. Akaupandisha ubao ndani ya kasha.

“Nyuma, matundu yachungulie nje sawasawa. La mtandao, ya kipanya, na yale matatu ya rangi, ya sauti. Sitaki uende chuoni na mashine bubu.”

Akakaza skrubu. Vichwa vyake vilikuwa vimelika, bisibisi ikawa inateleza. Alipoinama kuokota moja, kiwiko kikagusa mfuko wa nailoni wenye namba ya wodi, uliokuwa kando ya simu. Ndani yake, miwani ya baba ikagongana na saa yake ya mkononi. Akausogeza taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

“Umeunganisha kioo? Umechomeka ukutani?” Baba alivuta pumzi, ikakwama, ikaendelea. “Haya. Bonyeza.”

Akabonyeza.

Feni ikashtuka, ikazunguka. Ukasikika mlio mmoja mfupi, ule wa mashine inayosema kwamba haina neno. Kioo kikajaa mwanga wa buluu, ukawafikia mama na begi pale mlangoni.

“Imewaka, baba,” binti alinong’ona.

Kwenye simu kukawa kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayengoja.

“Kama imewaka,” baba alisema hatimaye, “usinisubiri. Ibebe, nenda chuo.” Magurudumu yakapita tena nyuma yake. “Kama haijawaka, usilie, Kidole. Fungua vyote, turudi mwanzo. Mimi nipo.”

Mama akaingia, akamwekea binti yake mkono begani.

“Imewaka, mwanangu,” alisema. “Kila siku inawaka.”

Binti akachomoa waya wa umeme. Akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote, akautoa ubao na kuulaza tena juu ya gazeti. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha simu, akaivuta ile nukta ndogo nyeupe ya rekodi kuelekea kushoto, hadi ikagota.

“Kwanza gusa chuma,” baba alisema.