Namba ya Siri Mgongoni mwa Simu

Salha, mshonaji wa magauni ya harusi, aliikuta simu yake kwa fundi simu aliyemwachia abadilishe kioo, namba ya siri imebandikwa mgongoni kama bei ya mtumba. Vijana watatu walikuwa wameiinamia.

"Bibi harusi huyu, zipu itafunga kweli?" mmoja akauliza, akiikuza picha ya mteja akijaribu gauni.

Salha akawapokonya. "Hao wateja wangu! Wamevua mbele yangu, si mbele yenu!"

"Dada'angu, tunajaribu kioo tu," fundi akasema.

"Kajaribuni na picha za mama zenu!"

"Basi yaishe," kijana mmoja akacheka. "Hiyo picha ya zipu nimeituma kwenye grupu la mtaa tu, haijafika mbali."

Simu ikaita. Kwenye kioo kipya, kinachong'aa, likatokea jina la yule yule wa zipu: Bibi Harusi wa Jumamosi. Kidole cha Salha kikabaki hewani.